Baridi ya Jumamosi

Kuna neno moja ambalo nikilisikia mpaka leo damu inanichemka, nalo ni baridi. Bukavu yetu ya wakati ule wa Zaire ilikuwa na baridi kwa kila ugonjwa. Mtu akikohoa, baridi. Akiumwa mgongo, baridi. Bibi harusi akimaliza mwaka wa pili bila mtoto, wakwe wananong'onezana kwamba alikuwa anakaa kwenye sementi wakati wa usichana wake, sasa baridi imempanda. Sikatai, mji wetu uko juu, ziwa liko chini yetu, na mwezi wa saba maji ya kunawa asubuhi yanauma vidole. Lakini jamani, baridi ilishitakiwa kwa kila kosa na haikuwa na wakili.

Ni neno hilo lililokaribia kuniulia mdogo wangu.

Tulikaa katika mtaa mmoja wa kilimani, nyumba za matofali zilizopangwa mistari, kwenye avenyu iliyoshuka kutoka barabara kubwa mpaka bondeni. Tulikuwa wanne: Papa, Maman, mimi niliyekuwa na miaka kumi na mmoja, na mdogo wangu wa kike aliyekuwa na sita. Kati yangu na yeye walizaliwa wengine wawili, na wote wawili Maman aliwazika kabla hawajajua kutembea. Mmoja alikufa kwa kifua. Nayasema haya mapema kwa sababu humu nitamsema Maman sana, na sitaki mtu afikiri alikuwa mjinga. Alikuwa mama mwenye hofu, na sababu ya hofu yake aliijua.

Mdogo wangu alikuwa na filimbi. Ndivyo tulivyoiita nyumbani. Kwanza anakohoa kidogo, kikohozi kikavu. Kisha anaketi kitandani, mikono juu ya magoti, mabega yamepanda karibu na masikio, na kila akivuta pumzi kifua kinalia fiiii, fiiii, mpaka mtu aliye sebuleni anasikia. Siku mbaya alishindwa hata kulia, maana kulia nako kunataka pumzi. Alinitazama tu, macho yamemtoka, anangoja mimi, yaya wake, mkubwa wake, nifanye kitu, na yaya wake hana cha kufanya. Nilichukia kutazamwa vile. Nilimpenda mtoto yule hadi nikawa namkasirikia kwa kuugua.

Maman alimpeleka dispanseri, nikafuatana nao nikibeba chupa ya uji. Mwuguzi alikuwa na foleni mpaka nje. Akatega sikio kifuani, akasema ni asima, yaani pumu, akatoa vidonge vichache, kisha akasema, "Maman, huyu mutoto mumulinde sana. Musipomulinda, siku moja atakosa pumzi kabisa."

Maman akauliza, "Kumulinda na nini?"

Lakini mwuguzi alikuwa ameshamwita mwingine, na huyo mwingine alikuwa ameshaingia na mtoto anayetapika. Tukatoka. Pale kwenye ngazi za dispanseri Maman alijijibu mwenyewe. "Na baridi," akasema. "Na nini ingine?"

Hapo vita ikaanza. Mdogo wangu akavalishwa triko mbili za sufu, moja juu ya nyingine, kofia ya sufu, na soksi, hata jua la saa sita likiwa linapasua vichwa. Dirisha la chumba chetu lilikuwa la mbao; Maman akalipigilia gunia kwa misumari. Chini ya mlango akasukuma matambara. Na kwa kuwa chumba kilichofungwa hakikumtosha, akaleta mbabula ndani. Mbabula ni lile jiko letu la bati, lenye matundu, la kutia makala, yaani makaa. Makala yetu mara nyingi yalikuwa hayajaiva vizuri, yanatoa moshi wa kijivu na harufu ya mti. Maman aliliweka katikati ya vitanda viwili, akapepea, akafunga mlango, akasema, "Sasa mutalala kama batoto ba Wazungu."

Macho yalituwasha. Kila mbabula ikilala ndani, asubuhi kichwa kiliniuma kana kwamba nimebeba ndoo usiku kucha. Siku moja niliinuka kitandani nikaanguka sakafuni, miguu haina nguvu, nataka kutapika. Maman alinikuta pale chini, akapiga makofi ya huzuni.

"Unaona? Na weye baridi imekupata!"

Akaongeza makala.

Nikithubutu kunyanyua kipande cha gunia ili tupate hewa, sauti yake ilitoka hata kama yuko bustanini: "Weye, unataka kuua mudogo wako?" Nimelelewa na sentensi hiyo. Nadhani niliisikia mara nyingi kuliko jina langu.

Sasa nije kwa Papa.

Papa alikuwa karani katika ofisi moja mjini, mtu wa kalamu na wa kunyoosha nguo. Zaidi ya hayo alikuwa shefu wa avenyu yetu, na hicho ndicho cheo alichokipenda. Kila Jumamosi asubuhi ilikuwa salongo, ile kazi ya lazima ya usafi kwa wananchi wote. Papa aliamka mapema, akavaa abacost yake, ile suti ya Kizaire isiyo na tai, akaning'iniza filimbi shingoni, filimbi halisi ya chuma, akatoka barazani akapuliza mpaka mbwa wakabweka. Watu wakatoka na majembe na mafagio, wengine na tongotongo. Tulizibua mifereji, tukafyeka majani, tukafagia, na kila kitu kikarundikwa mahali pamoja kichomwe.

Lundo lile lilikuwa na kila kitu: maganda ya ndizi na ya mihogo, majani mabichi, matambara, sapatu za plastiki zilizokatika, magunia ya nailoni, betri za redio. Tena limelowa, maana kwetu mvua inanyesha miezi mingi kuliko inayopumzika. Lundo la namna hiyo haliwaki, linanuna tu. Ndipo Papa akagundua ujanja wake. Alikata vipande vya mupira wa zamani wa kamyo, tairi la lori, akavitia chini ya lundo, akamwaga petroli kidogo. Weee! Moshi mweusi ukapanda wima kama nguzo ya kanisa.

Na moshi ulikuwa na kazi yake, hapo ndipo uchungu ulipo. Mkaguzi wa salongo alikuwa mtu mnene, na avenyu zetu zinashuka. Akishuka, itabidi apande. Kwa hiyo alisimama juu kwenye barabara kubwa na karatasi yake, akaangalia bonde lote, akahesabu mioshi. Avenyu inayotoa moshi imefanya kazi. Avenyu isiyotoa moshi imelala, na shefu wake ataitwa Jumatatu kusimama mbele ya watu na kukaripiwa kama mwanafunzi aliyejikojolea. Siku moja mkaguzi alimwambia Papa, kwa jina lile ambalo kila mwananchi aliitwa wakati ule, "Citoyen, moshi yako naionaka toka mbali!" Papa aliisimulia mezani mwezi mzima.

Halafu uaminifu wake, Mungu wangu, uaminifu wake! Watu wengine wangepeleka lundo mbele ya nyumba ya mjane, au ya mtu asiye na sauti. Papa alikataa. Shefu lazima awe mfano, alisema. Asije mtu akasema shefu anapelekea wengine uchafu. Basi lundo la avenyu nzima likawa linachomwa mbele ya nyumba yetu, hatua ishirini kutoka dirisha la mdogo wangu. Lundo lenyewe liliwaka Jumamosi nzima, na Jumapili tukitoka misani bado linafuka.

Wewe unayesoma umeshaelewa. Umeelewa kabla ya kumaliza ukurasa wa pili. Lakini ndani ya nyumba yetu hakuna aliyeelewa, wala mimi, kwa sababu tulikuwa tayari na jibu. Ukiwa na jibu hutafuti tena.

Aliyetuvuruga ni tonton, ndugu mdogo wa Maman. Alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Lwiro, kazi ambayo bondeni kwetu hakuna aliyeiamini: kila asubuhi alifungua sanduku jeupe lenye miguu, akasoma vipimajoto vilivyomo, akapima maji ya mvua kwenye chupa, akaandika. Kwa hiyo tu alilipwa mshahara. Alikuja kwetu mara moja kwa mwezi, akipanda kamyo ya mboga pale kijijini Miti, mkononi kabeji mbili. Alikuwa mtu wa kuchosha. Ukisema leo kuna joto, anakuuliza joto ngapi.

Wiki moja baada ya Pasaka alimkuta Maman akipigilia gunia la pili juu ya lile la kwanza.

"Dada, unafanya nini?"

"Nafunga baridi."

"Baridi ngapi?"

Maman alimtazama hivi, nyundo mkononi. Nilidhani atampiga. Tonton akasema kwamba kule kazini baridi inapimwa, haisemwi tu, na kwamba kama kweli baridi ndiyo inayomwumiza mtoto, basi kaye, daftari la namba, itaonyesha. Mwezi uliofuata alileta kipimajoto chake mwenyewe, akakitundika barazani kivulini, akanipa kaye ya shule na penseli. Kila asubuhi kabla ya shule na kila saa kumi niandike namba. Filimbi ikilia siku hiyo, niandike F kubwa pembeni.

Maman alikubali upesi. Alitaka ushahidi. "Andika," akaniambia. "Andika vizuri, huyu mutu wa Lwiro asome mwenyewe."

Nikaandika. Ilinichosha, sitasema uongo. Wenzangu wanaruka kamba, mimi nimesimama nashangaa zebaki. Kipimajoto chenyewe hakikuwa na habari: dix-sept, yaani kumi na saba, dix-huit, dix-sept, ishirini na mbili saa kumi, kesho tena dix-sept. Joto la Bukavu ni mtu asiyependa kuhama kwake. Lakini zile F hazikukaa mahali pamoja na namba. Mwezi wa saba ilikuja asubuhi moja ya treize, baridi ya kweli, Maman amejifunga vitenge vitatu, makala yameisha tangu jana, na mdogo wangu amelala kimya, kifua hakina neno. Niliandika kumi na tatu, na pembeni sikuandika kitu. Nikarudi nyuma kurasa kadhaa. Kulikuwa na Jumamosi moja ya mwezi wa tano mvua ilipozuia salongo tangu asubuhi, hakuna aliyewasha moto. Pembeni pale pia hakuna kitu.

Nikaanza kuhesabu F kwa kidole. Karibu zote zilisimama Jumamosi na Jumapili. Zilizobaki zilikuwa za siku ambazo mbabula ililala chumbani.

Nilikimbia jikoni na kaye. "Maman! Si baridi. Ona, ni Jumamosi. Kila Jumamosi!"

Maman alipangusa mikono, akainama, akaisoma kaye mstari kwa mstari, kwa utulivu kabisa. Nikafikiri, sasa ameona. Akaninyooshea kaye yangu.

"Njo nasema kila siku," akasema, njo yetu ya Bukavu, ndiyo ya wengine. "Baridi ya Jumamosi iko mubaya zaidi. Siku ya Jumamosi batu banaosha nyumba, maji inakuwa mingi chini, baridi inapanda."

Nililia kwa hasira. Nililia kweli, nyuma ya nyumba, nikipiga ukuta kwa sapatu. Miezi mitatu ya zebaki kwa ajili ya baridi ya Jumamosi!

Nikamngoja tonton. Alipokuja nilimpa kaye kabla hajaweka kabeji chini. Yeye aliisoma yote, akairudia. Kisha aliuliza polepole, "Jumamosi nani anawasha moto hapa?"

Wote wawili tuliangalia ukutani. Filimbi ya Papa ilikuwa imetundikwa msumarini, inang'aa.

"Bon," akasema tonton, akanirudishia kaye. "Mimi siwezi kumuambia shemeji mambo kama ile. Weye njo muandishi, utamuambia."

Mwoga mkubwa! Mtu anayebishana na jua na mvua, mbele ya shemeji yake akawa kifaranga. Alikunywa chai akaondoka na kamyo ya kwanza. Na mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba yangu alikuwa shefu. Nani angeanza mazungumzo hayo, na kwa maneno gani? Nikanyamaza wiki mbili, na wiki hizo mbili sijajisamehe.

Ikafika Jumamosi moja ya mwezi wa nane. Mvua ilikuwa imekatika kitambo, vumbi limejaa hewani, upepo hakuna. Asubuhi ile Papa alipata bahati, kama alivyosema mwenyewe: mupira mzima, ambao dereva mmoja alikuwa ameutupa kwenye mfereji wa juu. Akautia wote. Moshi haukupanda wima siku hiyo. Ulipanda kidogo, ukachoka, ukalala juu ya nyumba zetu.

Filimbi ya kifuani ilianza kabla ya saa nne. Maman akafanya alivyojua: akafunga dirisha, akasukuma matambara, akaleta mbabula. Nilikuwa mferejini na ufagio niliposikia anaita jina la mdogo wangu kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Nikaingia mbio. Mtoto alikuwa ameketi, midomo imekuwa ya rangi ya majivu, na filimbi imenyamaza. Mdomo wazi, kifua kinapanda, hakuna kinachoingia.

Niling'oa gunia kwa mikono, misumari ikanichana. Maman akapiga kelele, "Baridi! Baridi!" Nikafungua dirisha, na moshi mweusi wa mupira ukaingia wote chumbani kana kwamba ulikuwa unangoja mlangoni. Yesu! Ukifunga, mbabula. Ukifungua, Papa. Nilisimama pale katikati, nikaona kwamba nyumba yetu yote haikuwa na pumzi moja ya kumpa mtoto.

Nikamtupa mgongoni. Nilitoka mbio, Maman nyuma yangu na triko mkononi, nikapanda avenyu, nikapita lundo, nikampita Papa ambaye hakutuona kwa moshi, nikavuka barabara kubwa na kushika njia ya Kasha, mpaka pale juu ambapo ziwa linaonekana lote na hewa inatoka majini bila kupita kwa mtu. Nikamkalisha kwenye majani. Nikamvua triko zote mbili. Maman alianguka magotini akinisihi nimvalishe, na kwa mara ya kwanza maishani nilimfokea mama yangu.

"Muache apumue!"

Hewa ya ziwa ilikuwa ya baridi, ndiyo, baridi safi kabisa, ilitupiga usoni. Mdogo wangu aliivuta. Kwanza kwa shida, kisha filimbi ikarudi, nikafurahi kuisikia, kisha ikapungua, ikapungua. Midomo ikapata rangi. Baada ya muda aliniuliza kama zile mashua mbili ziwani zinashindana. Maman alikaa kwenye majani, triko mapajani. Alikuwa akimtazama mtoto wake aliyevaa kigauni chepesi katikati ya upepo, anapumua.

Papa alitufikia akikimbia, watu walikuwa wamemwambia. Abacost imejaa masizi, filimbi inamrukaruka shingoni. Alimwinua mdogo wangu, akamkumbatia kwa nguvu, akamficha uso kifuani pake. Na mtoto akaanza kukohoa. Akamsukuma kwa mikono miwili. Fiiii.

Wote tuliisikia.

"Muweke chini, Papa," nikasema. "Tafadhali. Unanuka mupira."

Akamweka chini. Kaye haikuwa mkononi, lakini nilikuwa naijua kwa moyo. Nikamwambia yote. Jumamosi ile ya mvua. Asubuhi ya treize. Jumapili za lundo linalofuka. Sikuweza kusimama, maneno yalitoka na machozi na makamasi, nikamwambia hata habari ya tonton mwoga. Papa alisikiliza akiwa amesimama wima, kama anavyosimama mbele ya mkubwa wake ofisini. Nilipomaliza alimgeukia Maman, akamwuliza kwa sauti ndogo sana:

"Basi ile baridi njo mimi?"

Maman angeweza kumsaidia. Angeweza kusema hapana, ni Jumamosi, ni maji ya kuosha nyumba. Aliinamisha kichwa akakunja triko. "Wewe na mimi," akasema. "Na mbabula yangu."

Papa akarudi nyuma hatua kumi, upande ambao upepo ulikuwa unakwenda, ili harufu yake isimfikie mtoto. Akakaa huko peke yake kwenye majani mpaka jua lilipoanza kushuka. Nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea mtu, na bado nilikuwa na hasira naye.

Wiki ile alichimba. Kila akitoka kazini alikunja suruali, akachimba shimo refu bondeni, mwisho wa avenyu, chini ya migomba. Alipita nyumba kwa nyumba kueleza: maganda na majani yaende shimoni, yafunikwe udongo, migomba itakula. Chupa na bati zikae pembeni, kuna wanaozitaka. Sapatu, mupira, nailoni na betri zizikwe peke yake kwenye shimo la pili, asiwashe mtu kiberiti. Wengine walimcheka. Jirani mmoja alimwuliza kama sasa takataka nazo zitafanyiwa matanga. Maman naye alihamisha mbabula nje, chini ya paa la bati, akawa anayaacha makala yawake mpaka yawe mekundu yote ndipo aweke sufuria. Alinung'unika kila siku kwamba sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo, inachelewa. Lakini ndani haikurudi.

Jumamosi iliyofuata Papa alipuliza filimbi kama kawaida. Tulifanya kazi kuliko Jumamosi zote nilizokumbuka. Mpaka saa tano avenyu ilikuwa safi, shimo limefunikwa, na hakuna hata uzi wa moshi. Mabonde yote yalikuwa yamesimamisha nguzo zao za moshi. Kwetu mbingu tupu.

Mkaguzi alishuka. Kwa mara ya kwanza alishuka, jasho linamtoka, na alikuwa na hasira ya mtu anayejua kwamba atapanda tena.

"Citoyen, moshi yako iko wapi?"

"Haiko, citoyen. Lakini tazama avenyu. Kuya nikuonyeshe shimo."

"Mimi sikukuja kutazama shimo. Ku karatasi yangu kuko fasi ya moshi. Salongo bila moshi ni salongo gani? Batu bako balilala!"

"Tembea basi. Utafute takataka moja."

Hakutembea. Alisimama pale pale penye alama nyeusi ya lundo la zamani, akatoa kalamu. Alimwambia Papa awashe chochote, hata majani kidogo, hata mupira kidogo, moshi uonekane, yaishe. Alisema kwa upole sasa, kama anayemsaidia rafiki. Majirani walikuwa wamesimama na mafagio yao. Mimi nilikuwa barazani, nimemshika mdogo wangu mkono kwa nguvu, kwa sababu nilimjua baba yangu. Nilijua alivyoipenda filimbi ile. Nilijua anavyoogopa Jumatatu mbele ya watu.

Papa alimtazama. Kisha alivua kamba shingoni, akaifuta filimbi kwa kitambaa chake, akaiweka juu ya karatasi ya mkaguzi.

"Andika kwamba sikufanya," akasema. "Na filimbi yako njo hii. Nyumbani kwangu tulikuwa nazo mbili, hatutaki tena hata moja."

Mkaguzi hakuelewa hata neno. Aliichukua, akapanda kilima akihema. Papa alikuja kukaa kwenye ngazi ya baraza, mikono imening'inia, uso wa mtu aliyefukuzwa. Mdogo wangu aliniponyoka. Alikimbia mpaka barabarani, akarudi akikimbia, akasimama mbele yake na kigauni chake chepesi.

"Papa, sikiliza."

Akamvuta kichwa kwa masikio, akakilaza kifuani pake. Papa alisikiliza kwa muda mrefu. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Sisikii kitu," akasema. "Iko kimya."

Ndipo Maman, ambaye alikuwa chumbani na hakuona lolote, akaita kwa sauti yake ile ile: "Dirisha iko wazi! Nani aliacha dirisha? Baridi inaingia!"

Papa hakuinua kichwa kutoka kifuani pa mtoto.

"Iache iingie," akasema.